Behewa la 216

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hawakutuambia, hata hivyo, kibaba kikisha kujaa hubebwa na nani, hupimwa wapi, wala hutokea nini punje moja inapokuwa kubwa kuliko mdomo wa kibaba chenyewe. Suala hilo ndilo lililomkosesha usingizi binti mmoja wa Fort Ternan kwa siku kumi na moja, na ndilo kiini cha makala hii.

Fort Ternan ni kituo kidogo cha reli katika Kaunti ya Kericho, kwenye njia kongwe itokayo Nakuru kwenda Kisumu. Reli ile ilifika ziwani mwaka 1901, na jina la kituo limetokana na Ternan, afisa wa kijeshi wa Kiingereza wa enzi hizo. Anayeshuka hapo kwa mara ya kwanza akitarajia kulakiwa na mashamba ya chai hushangaa, kwa maana chai yenyewe iko juu zaidi, kuelekea Kericho mjini na kuendelea hadi Bomet. Huku chini kuna kahawa na mahindi, na ukiteremka kidogo kuelekea Koru na Muhoroni unakutana na miwa. Pamoja na hayo, ni shida kupata boma la Fort Ternan ambalo halina mtu aliyewahi kupanda huko juu kuchuma chai, akakaa kambini miaka kumi au thelathini, kisha akarudi na mgongo uliopinda na Kiswahili cha aina yake.

Kiswahili hicho ndicho alichokuwa akikitafuta binti huyo, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fasihi simulizi. Tangu mashamba makubwa ya chai yaanzishwe Kericho katika miaka ya 1920, kambi za wachumaji zimewakutanisha Wakipsigis, Wakisii, Waluo, Waluhya na wengineo, na lugha iliyowasikilizanisha ni Kiswahili ambacho hakikupitia darasani. Kina ngeli zake kinazozijali na nyingine kisizozijali. Kina visa, mafumbo na masimango ya wanyapara ambayo hayamo katika kitabu chochote cha fasihi. Binti alikuwa amezunguka vijijini kwa muda wa miaka miwili akiwarekodi wazee, na mwishowe akawa na faili 240 za sauti. Nyingi zilikuwa za dakika thelathini hadi hamsini. Kuzinukuu kwa mkono, kwa kadirio lake mwenyewe, kungemtafuna miaka mingine miwili, nao wazee walikuwa wakiondoka mmoja mmoja bila kungoja shahada ya mtu.

Ndipo alipoigeukia tarakilishi. (Wapo watakaopendelea kusema kompyuta, na wapo waliowahi kuitetea ngamizi kwa bidii zote katika makongamano yetu. Tuwaache waendelee, mashine yenyewe huitikia jina lolote.) Mwezi Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa programu iitwayo Whisper, iliyofunzwa kwa saa 680,000 za sauti za lugha mbalimbali, ambayo husikiliza usemi na kuuandika. Kiswahili kilikuwa sehemu ndogo mno ya mafunzo hayo, na Kiswahili cha kambi ya chai hakikuwamo kabisa. Lakini binti alitaka rasimu tu, kitu cha kusahihisha badala ya ukurasa mtupu. Kikwazo ni kwamba tarakilishi yake ya mkononi, nzee na yenye feni ilalamikayo, ilihitaji nusu ya siku kwa faili moja, na umeme wa Fort Ternan hauna mazoea ya kukaa nusu ya siku bila kuaga.

Kwa bahati nzuri alikuwa amepewa salio dogo la kutumia mashine za kukodi, zile ambazo siku hizi huitwa wingu. Jina hili linapotosha kidogo, kwa kuwa hapana cho chote kinachoelea. Ni majumba yaliyojaa mashine. Ya Microsoft yalifunguliwa Johannesburg mwaka 2019, na ya Amazon yakafunguliwa Cape Town mwaka 2020, takriban kilomita 4,000 kutoka jikoni kwa mama yake. Salio lile lilikuwa na tarehe ya kufa: siku ya 30 ya mwezi huo. Likifa, halifufuki.

Mashine nyingi zilizounganishwa zikafanya kazi kama moja huitwa klasta, na kazi za namna aliyokuwa nayo, ambazo hazihitaji mtu kukaa mbele yake akijibizana nazo, huitwa kazi za mafungu. Unaweka fungu kwenye foleni, unaondoka, unarudi kuchukua kilichotoka. Baba yake, aliyekuwa karani wa bidhaa katika stesheni kadhaa za njia hiyo hadi mwaka 2006, reli ilipokodishwa kwa kampuni binafsi, alilielewa jambo hili upesi kuliko wenzake binti wa chuoni.

"Ni gari la mizigo," alisema. "La abiria lina saa zake na watu wake wa kulalamika. La mizigo unapakia, unafunga, unaandika hati, unalala. Kesho unauliza limefika wapi."

"Ndivyo, Baba. Na mizigo yenyewe tunaitia ndani ya makontena."

"Hayo nayajua," mzee akajibu, pengine kwa majivuno kidogo.

Na kweli aliyajua. Kontena tuyaonayo Kilindini yana asili ya tarehe 26 Aprili 1956, siku ambayo meli Ideal X ya Mmarekani Malcom McLean iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makasha 58 ya chuma. Faida ya kasha haikuwa ukubwa wake, bali ni kwamba mpakuaji hakuwa tena na haja ya kujua ndani mna nini. Winchi iliyoinua kahawa iliinua pia viatu. Wanatarakilishi waliazima wazo hilohilo. Programu huhitaji maktaba zake, toleo lake maalumu la lugha ya kuandikia programu, na mafaili yake. Ukiihamishia mashine nyingine, mara hukosa hiki au kile ikagoma. Basi vyote hufungashwa pamoja katika kontena, na mashine yoyote huibeba bila kuuliza. Programu ya Docker, iliyotangazwa mwaka 2013, ndiyo iliyoyafanya makontena haya kuwa kitu cha kila siku, na mwaka uliofuata Google wakaitoa Kubernetes, programu ya kuyapanga makontena kwenye klasta. Jina hilo ni la Kigiriki na maana yake ni mshika usukani. Laiti lingezaliwa Lamu lingeitwa Nahodha, na kazi ya kulifundisha ingepungua nusu.

Sasa tuitazame hati ambayo binti aliiandika, kwa kuwa taabu yote ilitoka humo. Kubernetes haielezwi kazi kwa mdomo. Huandikiwa faili yenye kueleza kontena gani itumike, mangapi yaende kwa mpigo, kila moja lipewe nini, na likianguka lifanyweje. Nafasi moja tupu ikizidi mwanzoni mwa mstari, maana hubadilika au hati nzima hukataliwa. Aliyewahi kuandika utenzi na mizani ikamzidi moja ataielewa hasira hii.

Jambo la kwanza lilikuwa taswira, yaani kielelezo ambacho kwacho makontena yote huchongwa. Hapa binti alifanya mawili ya busara na moja la hatari. Alitaja toleo kamili la kila kitu, badala ya kuandika neno la "ya sasa kabisa", kwa maana ya sasa kabisa ya leo si ya sasa kabisa ya kesho, na kazi iliyokubali Jumatatu inaweza kukataa Alhamisi bila mtu kugusa kitu. Pia aliutia ndani ya taswira ule ubongo wa programu uliokwisha kufunzwa, wenye ukubwa wa karibu nusu gigabaiti. Angeuacha nje, makontena 240 yangeupakua mara 240, gigabaiti 120 za kwenda na kurudi bure. La hatari ni kwamba aliitia humo pia nywila ya ghala la sauti. Taswira ni kitu kinachonakiliwa na kuhifadhiwa mahali pengi, na kila aipataye angepata ufunguo wa kuwasikiliza wazee wa watu wakisema habari za wake wenza na deni za dukani. Alishtuka usiku wa pili, akaiondoa nywila, akaibadilisha, na kuiweka katika sehemu ya siri ambayo klasta humpa kontena inapoanza tu. Wazee wale walikuwa wamemwamini. Wengine walimuuliza kama sauti zao zitasikika redioni, naye akawaapia kwamba hapana.

Jambo la pili lilikuwa riziki ya kila kontena. Hapa pana maneno mawili ambayo wengi huyachanganya: ombi na kikomo. Ombi ni kiasi ambacho mpangaji hukitenga kabla ya kuiweka kontena kwenye mashine. Kikomo ni ukuta. Kontena ikizidisha kikomo cha prosesa hupunguzwa mwendo tu, ikaendelea polepole. Ikizidisha kikomo cha kumbukumbu huuawa. Hakuna onyo wala rufaa. Binti alipima faili tatu za kawaida, akaona hazikupita gigabaiti mbili na nusu, akaweka kikomo cha gigabaiti nne na kujiona mkarimu. Kisha akaagiza makontena ishirini yaende kwa mpigo, kila moja likipewa namba ya faili yake, na kazi yote ianze saa sita usiku.

Saa sita usiku ya nani? Ratiba za mashine hizi, usipoainisha majira, aghalabu husomwa kwa saa za Greenwich. Aliandika sifuri, akimaanisha usiku wa manane wa Kericho. Mashine ikaelewa usiku wa manane wa Uingereza, ambao kwetu ni saa tisa usiku. Mswahili ana saa mbili kichwani mwake maisha yake yote, ya kusema na ya kuandika, na huzibadilisha bila kujikwaa. Ya tatu ndiyo iliyomwangusha.

Basi kazi ilianza saa tisa. Alipoamka saa kumi na mbili asubuhi alikuta faili zaidi ya sitini zimekwisha, akafurahi, akamsaidia mama yake kukamua, kisha umeme ukakatika na simu yake ikaishiwa chaji. Hakuwa na wasiwasi. Huo ndio uzuri wa kazi za mafungu: giza la Fort Ternan halifiki Cape Town. Jioni umeme uliporudi alifungua ili ayapokee matunda yake, akakuta neno moja linalosema kazi imeshindwa, na ghala la matokeo likiwa tupu.

Kilichotokea kilikuwa hivi. Kontena moja, lenye namba 216, liliuawa mchana kwa kupita kikomo. Kubernetes ikalianzisha upya baada ya sekunde 10, likauawa. Ikasubiri 20, kisha 40, ikiongeza mara mbili kila mara kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Desturi yake, usipoibadilisha, ni kuvumilia marudio sita kwa kazi nzima. Yalipokwisha, haikulihukumu kontena lile pekee. Iliihukumu kazi nzima kuwa imeshindwa, na makontena yaliyokuwa katikati ya faili zao yakasimamishwa. Zile faili zaidi ya mia mbili zilizokuwa zimekwisha je? Hapa kosa lilikuwa la binti mwenyewe na hakulikana. Alikuwa ameagiza kila kontena liandike matokeo ndani yake lenyewe, akikusudia kuyakusanya mwishoni kwa mkupuo. Tena, kwa kupenda usafi, alikuwa ameamuru mabaki yafagiliwe dakika kumi baada ya kazi kwisha. Yakafagiliwa. Nusu ya salio ilikuwa imekwenda, na hakuwa na neno moja la Kiswahili mkononi.

Hakula usiku ule. Baba yake alimsikiliza, akauliza maswali machache, kisha akasema jambo ambalo binti alilipuuza hadi siku ya pili yake.

"Mama, behewa likipata moto kwenye ekseli, stesheni masta hasimamishi bidhaa zote za nchi. Analikata, analisukuma njia ya kando, gari linaendelea. Kesho fundi anakuja na grisi."

"Mashine haijui hivyo, Baba."

"Mliiambia?"

Haikuambiwa. Katika matoleo mapya ya Kubernetes kuna mahali pa kuandika kwamba marudio yahesabiwe kwa kila namba peke yake, si kwa kazi nzima. Mpango huo uliingizwa kwa majaribio mwaka 2023 na ukathibitishwa rasmi mwaka 2025. Ukiandika mstari huo, behewa bovu hukatwa likabaki njia ya kando, na mengine 239 yakafika. Binti aliuandika. Aliagiza pia kila kontena lipeleke matokeo kwenye ghala la nje mara tu linapomaliza, kabla halijafungwa, na akaongeza sharti kwamba likikuta matokeo ya namba yake yamo tayari lisirudie kazi. Sharti hilo dogo, la mistari miwili, ndilo linalotofautisha kazi inayoweza kuanguka na kuinuka na ile inayoanguka kabisa. Isitoshe, alihamia kwenye mashine za bei ya chini, zile za masalio, ambazo mwenyewe hukupa kwa sehemu ndogo ya bei lakini huzidai wakati wowote. Amazon hutoa ilani ya dakika mbili tu. Ni vibarua wa siku: asubuhi unao, mchana wameitwa kwingine.

Kazi ikaenda upya, safari hii kwa utulivu. Siku ya sita faili 239 zilikuwa ghalani. Namba 216 ilikuwa njia ya kando, na pembeni mwake maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kauawa kwa kukosa kumbukumbu", pamoja na namba 137. Namba hiyo si ya kubahatisha. Ni 128 kujumlisha 9, na 9 ni ishara ya kuua isiyoweza kuzuiwa. Wenye kazi hizi huitambua kama mchumaji atambuavyo jani lililokomaa kupita kiasi.

Binti alifungua faili ya 216 katika orodha yake. Ilikuwa ya mzee mmoja wa Kipkelion, dakika 38, amecheka nusu yake, haina kasoro yoyote. Aliisikiliza mara tatu. Alipoteza siku nzima akiitafuta ila, hadi alipokumbuka kwamba mashine huanza kuhesabu kwa sifuri. Faili iliyomwua kontena haikuwa ya 216 bali ya 217.

Ya 217 ilikuwa ya Kogo.

Kogo ni bibi kwa Kikipsigis. Huyu alikuwa mama yake baba, mchumaji wa chai tangu kabla ya Uhuru. Binti alikuwa amepanga kumrekodi wa mwisho, kwa sababu ya uzembe ule wa kawaida wa kudhani kwamba wa nyumbani hawaendi popote. Wakati Kogo alipoanza kudhoofika binti alikuwa chuoni na mitihani, akampigia baba yake simu na kumwelekeza namna ya kubonyeza kitufe chekundu. Mzee alikibonyeza. Namna ya kukizima hakuelekezwa. Matokeo yake ni rekodi ya saa tatu na dakika saba, isiyokatwa, na Kogo alifariki wiki mbili baadaye. Binti hakuwa ameisikiliza. Aliitia kwenye fungu pamoja na nyingine, akaipa namba, pengine kwa sababu namba haina sauti.

Kisababu cha kuuawa kwa kontena sasa kilikuwa wazi kama mchana. Programu ile huisoma sauti yote kwa mkupuo kabla ya kuanza kusikiliza. Sauti huwa vipimo 16,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo huchukua baiti nne. Saa moja ni megabaiti 230, na saa tatu za Kogo ni karibu 700. Kisha vipimo hivyo hugeuzwa kuwa picha ya mawimbi, nayo katika kutengenezwa huhitaji mara kadhaa ya kiasi hicho. Maneno ya Kogo hayakuenea katika gigabaiti nne.

Aliongeza kikomo hadi sita kwa namba hiyo pekee. Kontena likaanza, halikuuawa, likaendelea kwa saa moja na nusu, kisha mwenye mashine akaidai. Dakika mbili, kwaheri. Likaanza upya mwanzo kabisa. Mara ya pili lilifika saa mbili na ushei. Kazi ndefu juu ya mashine za masalio ni sawa na kumpandisha bibi kizee matatu inayobadilishwa kila stendi. Kwa mashine za bei kamili salio halikutosha, na tarehe 30 ilikuwa imebaki siku mbili.

Palikuwa na njia moja tu, ambayo kifundi ni nyepesi sana: kuikata faili vipande, kila kipande kiwe kazi yake fupi, kikipotea kirudiwe hicho peke yake. Mwalimu yeyote wa tarakilishi angemwambia aikate kila baada ya dakika thelathini, akalale. Lakini mwanafunzi wa fasihi simulizi hujua kwamba kisa si gogo. Alijaribu kukata kila nusu saa, akasikiliza mshono wa kwanza, akamkuta Kogo ameachwa katikati ya neno, na upande wa pili programu ikilianza neno hilo kwa kulibuni jingine. Akajaribu programu ya kutafuta kimya. Haikukipata hata kimoja. Alasiri ile, kama alasiri nyingi za Kericho, mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mabati, na mashine hufikiri mvua ni usemi.

Ikambidi afanye alichokuwa akikikwepa. Alivaa visikizi na kumsikiliza Kogo kwa saa tatu na dakika saba.

Hapa hatutasimulia aliyoyasema Kogo. Hayo ni ya tasnifu, na mengine si ya tasnifu hata. Itoshe kusema kwamba alisimulia jinsi majani yalivyopimwa na jinsi mizani ilivyodanganya, na namna wanawake wa makabila manne walivyotunga jina moja la mnyapara ambalo kila mmoja aliliona ni la lugha yake. Alisema bila kupumzika, isipokuwa pahali patano. Pahali hapo sauti ilikoma, pakasikika birika likiinuliwa, chai ikimiminwa, kimya cha funda la kwanza, kisha akaendelea na jambo jipya. Binti aliandika dakika na sekunde za kila mmimino. Mara tano. Vipande sita. Kogo alikuwa amejigawa mwenyewe katika sura, na alama zake za nukta zilikuwa chai.

Akaikata hapo. Akaandika hati mpya ya kazi, namba sifuri hadi tano, kikomo gigabaiti nne zilezile, marudio matatu kwa kila namba, majira ya Nairobi yametajwa bayana. Akaituma saa mbili usiku tarehe 29. Kipande cha tatu kilinyang'anywa mashine mara moja na kikarudi chenyewe kwenye foleni, vingine havikuguswa. Saa saba usiku vyote sita vilikuwa ghalani, na salio likabaki na senti za kununulia peremende.

Fort Ternan ina umaarufu mwingine ambao wanafunzi wa historia hawatatusamehe tusipoutaja. Mwaka 1961 Louis Leakey alifukua hapa, katika shamba la Fred Wicker, mifupa ya kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi karibu miaka milioni 14 iliyopita, akampa jina Kenyapithecus wickeri. Kilichomhifadhi ni majivu ya volkano ya Tinderet. Vipande vya taya tu vilitosha kuanzisha mjadala wa miaka mingi kuhusu asili ya binadamu; na wala kiumbe yule hakupata kusema neno.

Asubuhi ya tarehe 30 binti aliketi na baba yake barazani, rasimu ikiwa kwenye kioo, wakaanza kusahihisha. Rasimu ilikuwa na makosa ya kuchekesha. Kila Kogo alipoingiza neno la Kikipsigis, programu ilitafuta neno la Kiswahili lililo karibu na kulibandika hapo kwa uhakika wa mtu asiyejua kwamba hajui. Shamba likawa na simba ambaye hakuwapo, na arusi moja ikawa na meli. Mzee alirekebisha taratibu, akidai mara kwa mara arudishiwe nyuma. Walipofika kwenye mshono wa kwanza, kabla ya dakika ya arobaini, alimzuia binti mkono.

"Rudisha."

Akarudisha. Birika, mmimino, kimya.

"Rudisha tena. Sikiliza. Anamimina mara mbili."

Ilikuwa kweli. Mmimino mmoja mrefu, kisha wa pili mfupi kidogo, ambao binti alikuwa ameuona ni mwangwi wa mvua. Akaenda kwenye mshono wa pili, wa tatu, hadi wa tano. Kila mahali miwili.

"Cha pili kilikuwa changu," baba akasema. "Nilikaa pale saa zote tatu. Niliogopa kusema nisije nikaiharibu kazi yako."

Binti alifungua rasimu kwenye kila mshono, na mahali ambapo programu haikuandika kitu akaandika katika mabano, kwa utaratibu wa unukuzi wa masimulizi: chai, vikombe viwili.